Keke ya fundi haijafa, inahitaji mdomo mpya

MTU anayepita Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, saa za jioni wakati mafundi wanamalizia makabati na vitanda, hatakosa kusikia sauti moja ambayo seremala aliyefunzwa vizuri haipendi. Ni sauti ya nyundo ikipiga skrubu.

Skrubu haikutengenezwa ipigwe nyundo. Ilitengenezwa izungushwe, ili nyuzi zake zijikatie njia ndani ya ubao na kuushika pande zote. Ikipigwa nyundo, nyuzi hizo huchana ubao badala ya kuukata. Kinachobaki ni msumari wa bei ghali, usioshika kama msumari wala kama skrubu.

Matokeo yake mteja huyaona baada ya miezi michache. Bawaba hulegea, mlango hushuka na kukwaruza sakafu, kitasa hucheza na droo hutoka na uso wake mkononi. Mteja mwenye subira hurudi na lawama. Asiye na subira harudi kabisa. Safari ijayo huenda kwenye duka la samani zinazotoka nje.

Kwa sababu hiyo, namna skrubu inavyofungwa si jambo dogo la karakana. Ni suala la soko. Samani za mninga na mkangazi zinazotengenezwa hapa zina mbao bora kuliko nyingi zinazoletwa kwa kontena zikiwa za chipbodi, lakini zinashindwa kwa kitu cha urefu wa inchi moja na nusu.

Ni rahisi kusema mafundi wanapiga nyundo kwa uvivu au kwa kutojua kazi. Ukweli ni tofauti. Wengi wanajua fika kwamba si sawa. Wanachokosa ni kifaa kilicho kati ya bisibisi ya mkono, ambayo inachosha, na mashine ya betri, ambayo ni ghali. Kifaa hicho kipo, na mara nyingi kimetundikwa kwenye msumari ukutani mwa karakana hiyo hiyo. Ni keke.

Skrubu zimebadilika, keke imebaki

Keke ya chuma iliyopinda katikati, ambayo fundi huiegemea kwa kifua na kuizungusha kwa mkono mmoja, imetoboa mbao za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Ndiyo iliyotoboa matundu ya vitasa na ya bolti za mapaa kabla umeme haujafika mitaani.

Keke hizo nyingi zina mdomo wa taya mbili. Mdomo huo unatokana na ubunifu wa Mmarekani William Barber, aliyepewa hataza yake mwaka 1864, na ulitengenezwa ushike jino lenye mkia wa mraba unaochongoka kuelekea mwisho. Mkia wa namna hiyo unakaa sawasawa kwenye mifereji ya taya na hautelezi hata ukibanwa na ubao mgumu.

Wakati huo skrubu zote za mbao zilikuwa za mfereji mmoja kichwani. Bisibisi bapa ilitosha, na fundi aliyetaka nguvu zaidi alinunua jino bapa la bisibisi lenye mkia wa mraba akaliweka kwenye keke. Kwa maneno mengine, kufunga skrubu kwa keke si uvumbuzi wa leo. Ilikuwa kazi ya kawaida, ikasahaulika.

Kilichoisahaulisha ni mabadiliko ya skrubu zenyewe. Mwaka 1936 Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, Marekani, alipata hataza za skrubu ya nyota, na viwanda vya magari vya nchi hiyo vikaipokea haraka. Katika miaka ya 1960 ikaja aina nyingine ya nyota kutoka Uingereza, Pozidriv, na mwaka 1967 ikaja Torx yenye ncha sita. Pamoja nazo zikaja biti fupi zinazobadilishwa, zenye mkia wa pembesita wa robo inchi, yaani milimita 6.35.

Mkia huo wa robo inchi sasa ndio kipimo cha dunia nzima. Biti inayonunuliwa Kariakoo itaingia kwenye mashine iliyotengenezwa Ujerumani, Japani au China bila mtu kuuliza swali. Lakini haikai vizuri kwenye mdomo wa keke ya zamani. Taya mbili zilizochongwa kwa ajili ya mraba hushika pembesita kwa kona tu. Biti hucheza, hukaa upande, na nguvu ikizidi huzunguka yenyewe ndani ya mdomo huku skrubu ikiwa imesimama.

Hapo ndipo mafundi wengi walipokata tamaa na keke. Nyingine zimeuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Ni hasara, kwa sababu kinachotenganisha keke hizo na biti za kisasa ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole.

Hesabu ya nguvu

Anayedhani kwamba keke ni zana dhaifu ya wazee afanye hesabu kidogo.

Mpini wa bisibisi ya kawaida una unene wa karibu milimita 30. Mkono unaoushika unazungusha kutoka umbali wa milimita 15 tu kutoka katikati. Keke ya kawaida ya inchi 10, kwa upande wake, ina duara la milimita 254, na mkono unazungusha kutoka milimita 127. Kwa nguvu ile ile ya mkono, keke inaizungusha skrubu kwa nguvu kubwa zaidi ya mara nane.

Fundi anayesukuma mpini wa keke hiyo kwa nguvu ya kilo 15 anapata karibu nyutoni-mita 19 kwenye ncha ya biti. Hicho ni kiwango kinachokaribia kile ambacho mashine ndogo za betri za volti 12 hutangazwa kuwa nacho. Tofauti ni kwamba keke haichajiwi.

Kuna faida ya pili ambayo haizungumzwi sana. Skrubu ya nyota ya Phillips ina kasoro inayojulikana: biti hupanda na kuruka nje nguvu inapozidi, na kila inaporuka inakula kichwa cha skrubu. Dawa ya kasoro hiyo ni kuisukuma biti ndani wakati wa kuzungusha. Bisibisi ya mkono hairuhusu hilo sana, kwa kuwa mkono ule ule unasukuma na kuzungusha. Kwenye keke, kifua kinasukuma na mkono unazungusha. Kila kiungo kina kazi yake.

Ya tatu ni utulivu. Mashine huendelea kuzunguka kwa nukta moja baada ya kidole kuachia. Keke husimama pale mkono unaposimama. Kwa fundi anayefunga kitasa cha shaba kwenye mlango wa mvule ambao mteja ameshaulipia, nukta hiyo moja ina thamani.

Keke zote si sawa

Pamoja na sifa hizo, si kila kinachoitwa keke kinafaa kwa kazi hii, na ni vyema wanunuzi walielewe jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Keke ya uta, ambayo mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar wameitumia kwa vizazi kutobolea mbao kabla ya kupigilia misumari, haifai kabisa. Uta ukivutwa keke inazunguka upande mmoja. Uta ukirudi keke inazunguka upande wa pili. Kwa kutoboa tundu hilo halina madhara. Kwa skrubu maana yake ni kwamba kinachofungwa kwa mkupuo mmoja kinafunguliwa kwa mkupuo unaofuata. Keke ya uta iachiwe kazi yake, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Drili ya mkono yenye gia, ile inayozungushwa kwa kigurudumu cha pembeni, inapokea biti za kisasa kwa urahisi kwa sababu mdomo wake una taya tatu, na taya tatu hukaa sawa kwenye pembesita. Yenye mdomo wa milimita 10 haina shida yoyote. Ile ndogo ya robo inchi huwa inabana, kwa kuwa pembesita ya milimita 6.35 ina kona zinazofika milimita 7.3.

Hata hivyo, drili hiyo ni ya mbio, si ya nguvu. Gia yake huzungusha biti karibu mara nne kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, na kwa kiasi hicho hicho nguvu inapungua. Ni nzuri kwa skrubu ndogo za bawaba za kabati na kwa kutoboa tundu la kutangulia. Haifai kufunga skrubu ya inchi tatu kwenye fremu ya mlango.

Kuna pia bisibisi za kusukuma, ambazo fundi akizikandamiza zinazunguka zenyewe. Maarufu zaidi zilikuwa za jina la Yankee, zilizotengenezwa Philadelphia na kampuni ya North Brothers, ambayo Stanley iliinunua mwaka 1946. Hizo zina tundu lao la pekee, na adapta za kuzifanya zipokee biti za robo inchi zinauzwa nje. Lakini hapa nyumbani ni chache, na soko halitajengwa juu ya kitu adimu.

Inayobaki ni keke iliyopinda, na ndani ya hizo iliyo bora ni yenye racheti, yaani ile inayoruhusu mpini kurudi nyuma bila biti kurudi nayo. Racheti inamwezesha fundi kufunga skrubu kwenye kona ya kabati ambako mpini hauwezi kumaliza duara. Anayenunua keke ya mtumba ajaribu racheti kwa pande zote mbili kabla ya kulipa, na aangalie kama taya zote mbili zipo na kama chemchemi yake haijakatika. Kichwa cha mbao kilichopasuka kinatengenezeka. Taya zilizopotea ni kazi ngumu.

Mdomo mpya unavyopatikana

Kinachohitajika ni kishika biti chenye sura mbili: nyuma kina mkia wa mraba unaochongoka ili kiingie kwenye taya za keke, na mbele kina tundu la pembesita la robo inchi la kupokea biti yoyote.

Njia rahisi kuliko zote ni kutumia jino la keke lililovunjika au kuisha makali. Karakana nyingi zina meno ya namna hiyo kwenye debe. Sehemu iliyosokotwa inakatwa na kutupwa, mkia wa mraba unabaki na kipande cha mwili wake. Kishika biti cha kawaida, kile kinachouzwa kwa ajili ya mashine, kinaunganishwa mbele yake kwa kuchomelea kwa shaba.

Kazi hiyo ina mitego mitatu, na anayeikimbilia bila kuijua ataharibu sifa ya bidhaa nzima.

Mtego wa kwanza ni mhimili. Vipande viwili visipokaa kwenye mstari mmoja, biti itayumba kwa kila mzunguko na kula kichwa cha skrubu. Kazi ifanywe kwenye mashine ya kukereza. Mwili wa jino utobolewe katikati, mkia wa kishika biti uingizwe humo kwa kubana, kisha ndipo uchomelewe. Kuchomelea kwa kukadiria kwa jicho hakutoshi.

Mtego wa pili ni moto. Vishika biti vingi vina sumaku ndani, na sumaku ikipata joto kali hupoteza nguvu. Itolewe kwanza, irudishwe baada ya chuma kupoa. Moto huo huo hulainisha chuma kilichotiwa ugumu kiwandani, kwa hiyo sehemu ya tundu la pembesita ifungwe kitambaa kilicholowa maji na moto uelekezwe kwenye kiungo tu.

Mtego wa tatu ni urefu. Biti fupi ya milimita 25 ndani ya kishika biti kirefu huyumba kwa uzito wa keke. Biti ya milimita 50 inakaa imara zaidi na inamwonyesha fundi kama amesimama wima. Gharama inayoongezeka ni ndogo.

Wenye keke zenye taya za aina ya baadaye, ambazo zilitengenezwa zishike mikia ya mviringo na ya pembesita pia, hawahitaji kuchomelea chochote. Kwao kishika biti kinaingia moja kwa moja. Wajaribu kwanza kabla ya kutumia fedha.

Baada ya kifaa kupatikana, mazoea ya kazi nayo lazima yabadilike. Nguvu ya keke ni ile ile inayoweza kukata skrubu nyembamba ikabaki nusu ndani ya mninga. Tundu la kutangulia ni la lazima kwenye mbao ngumu, na skrubu ipakwe nta au sabuni ya mche. Skrubu ya shaba itanguliwe na skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule, ikishatengeneza njia itolewe na ya shaba ifuate.

Aidha, fundi atofautishe nyota mbili. Skrubu yenye mistari midogo minne kati ya mikono ya nyota ni Pozidriv, na inataka biti yake yenye alama PZ. Kuifunga kwa biti ya PH ni kuiharibu. Wauzaji wengi huweka zote kwenye boksi moja na kuziita nyota tu, na lawama huishia kwa fundi.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kurudi nyuma. Mashine za betri zimeshuka bei, zimejaa madukani, na kijana anayeanza useremala leo anaitaka mashine kabla ya randa.

Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Karakana inayofunga mamia ya skrubu kwa siku kwenye MDF haina sababu ya kutumia keke. Mashine itairudisha fedha yake haraka, na anayeshindana na kasi kwa kifua chake atashindwa.

Lakini karakana za aina hiyo si nyingi. Wengi ni mafundi wa mtu mmoja au wawili, wanaofunga milango miwili leo, dirisha kesho, na kitanda wiki ijayo. Kwao mashine hukaa bila kazi siku nyingi, huku betri ikizeeka. Betri za lithiamu huchakaa kwa joto na kwa umri hata zisipotumika sana, na baada ya mizunguko mamia kadhaa ya kuchaji huwa hazishiki kama zilivyoshika mwanzo. Betri ya chapa moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya chapa nyingine. Fundi huambiwa anunue mashine mpya.

Suala la umeme nalo halijafutika. Ni kweli kwamba Tanzania imepiga hatua kubwa tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulipoanza kuzalisha Februari 2024. Mgawo uliowasumbua wenye karakana mwaka 2023 si wa kulinganishwa na hali iliyofuata. Hata hivyo, wafanyabiashara wa Kenya wanakumbuka Agosti 25, 2023, siku ambayo karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Na fundi anayekwenda kufunga mlango kwenye nyumba ambayo haijaunganishwa na umeme hasaidiwi na megawati za mahali pengine.

Hoja ya pili ya wapinzani ni kwamba keke zenyewe ni chache. Hapa pia kuna ukweli, lakini si wote. Zipo zilizoletwa kama mitumba, na zipo zilizokuja kwa misaada. Shirika la Uingereza la Tools for Self Reliance, kwa mfano, lilitumia miongo kadhaa kukusanya na kukarabati zana za mkono na kuzipeleka Afrika, Tanzania ikiwemo. Nyingine ziko kwenye makabati ya vyuo vya ufundi na kwenye masanduku ya wazee waliostaafu. Kabla ya kusema hazipo, ingefaa kwanza zitafutwe.

Soko liko wapi

Kwa mfanyabiashara, swali ni moja: nani atanunua, na nani atatengeneza?

Wa kununua ni fundi ambaye hivi sasa hana chaguo kati ya bisibisi inayomchosha na mashine asiyoimudu. Fundi huyo hanunui kishika biti peke yake. Anahitaji biti, na biti huisha, kwa hiyo atarudi. Anahitaji skrubu bora, kwa kuwa zile laini alizokuwa anazipiga nyundo zitakatika mikononi mwake. Duka litakalouza kishika biti litauza na vinginevyo.

Wa kutengeneza wapo. Gerezani jijini Dar es Salaam, Kamukunji jijini Nairobi na Katwe jijini Kampala kuna mafundi wa chuma wenye ustadi wa kutosha. Wanatengeneza majiko, bawaba, matoroli na vipuri vya mashine za kusaga. Kishika biti ni kazi ndogo kwao. Wanachokosa ni kipimo kimoja kinachofuatwa na wote, na mtu wa kuagiza vipande mia badala ya kimoja.

Hapo ndipo wasambazaji wa vifaa vya ujenzi wanapolaumika. Wamezoea kuagiza kila kitu kwa kontena, hata kile ambacho fundi aliye umbali wa mitaa miwili anaweza kukitengeneza. Oda moja ya majaribio, yenye masharti ya ubora na mfano uliopigwa muhuri, haiwezi kumfilisi msambazaji yeyote. Inaweza kumpa bidhaa ambayo mshindani wake hana.

Taasisi nazo zina wajibu. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na VETA mwaka 1994 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Kishika biti cha keke ni bidhaa ya kiwango chao hasa: ndogo, rahisi kupimwa, na yenye mnunuzi aliyeko mlangoni. Mwanafunzi wa ukerezaji akipewa kazi ya kutengeneza kishika biti, na mwanafunzi wa useremala akapewa kazi ya kukitumia, vyuo vitakuwa vimefundisha fani mbili kwa kipande kimoja cha chuma.

Tahadhari moja inabaki. Bidhaa hii ikianza kuuzika, watatokea wa kuchomelea ovyo na kuuza nusu bei. Kishika biti kinachoyumba kitawarudisha mafundi kwenye nyundo kwa kasi kuliko walivyoiacha. Mnunuzi asikubali kukichukua kabla hajakifunga kwenye keke na kukizungusha mbele ya macho yake. Ncha ya biti ikichora duara hewani, akirudishe. Ikisimama kama sindano, alipe.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mashine za betri si za kukataliwa, na atakayeweza kuzinunua na kuzitunza azinunue. Lakini fundi mwenye keke ukutani na skrubu mkononi hana sababu ya kushika nyundo, na mteja aliyelipa mlango wa mninga hana sababu ya kupewa bawaba zilizopigiliwa.

Wasambazaji na mafundi chuma wakutane kwenye jambo hili mapema. Wakichelewa, atakayeliona kwanza ni mwagizaji kutoka nje, na kishika biti hicho hicho kitarudi Kariakoo ndani ya kontena kikiwa na bei ya kontena.